Kamba za Juu Zilikufa Kwanza

Jumatano asubuhi Inspekta aliingia kwenye ua wa Bi Kitalu na mfuko wa chupa tupu begani. Alimkuta mwenyeji wake ameinama juu ya karai la maji ya bahari, anakisugua kipande cha tumbawe kwa mswaki wa mtoto.

"Karibu, mwanangu. Vuta hicho kigoda ukae. Namalizia huyu."

Alisema "huyu" kama anayemwogesha mtu. Huyo mwenyewe hakuzidi ukubwa wa kidole gumba, na alikuwa mweupe pe.

"Amekufa?" Inspekta aliuliza.

"Sijui. Ndiyo maana namsugua."

Bi Kitalu alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa fundi cherehani mpaka siku macho yalipokataa kutunga uzi kwenye sindano. Wengine wangekaa barazani wakahesabu wapita njia. Yeye alijifunza kwa mtafiti mmoja aliyepita msimu mmoja tu, akaanza kupanda matumbawe. Kitalu chake kilikuwa mita mia mbili kutoka ufukweni, mahali ambapo maji yakipwa humfika mtu kifuani. Alisimika vyuma, akakaza kamba kati yake, safu ya juu na safu ya chini, na kwenye kamba akafunga vipande vidogo vya matumbawe, kimoja kimoja, kama anayeshona vifungo kwenye shati. Kipande kikifika ukubwa wa ngumi alikihamishia kwenye mwamba uliovunjika huko nje. Watu walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu samaki walirudi, na watu wakaacha kumcheka, wakampa jina la Bi Kitalu.

Sasa kitalu kilikuwa kinakufa. Kati ya vipande mia sita na arobaini, mia mbili na kumi na moja vilikuwa vimekwisha. Mtaa mzima ulikuwa umeshamjua mkosaji: hoteli iliyo upande wa pili wa rasi, ile yenye bomba linaloelekea baharini. Barua ya malalamiko ilikuwa na sahihi tisini. Mkuu wa Inspekta, ambaye hakupenda barua zenye sahihi tisini, alikuwa amemwambia Jumatatu: "Mpaka Ijumaa uniletee jina la mkosaji. La sivyo naifunga hoteli, na wafanyakazi wake hamsini waje wakuulize wewe."

Inspekta aliosha mikono kwenye bomba la uani kabla ya kugusa chupa zake. Bomba lilikuwa la zamani lakini halikudondosha hata tone. Kwenye maungio yake kulikuwa na uzi mwekundu uliozungushwa kwa mpangilio mzuri, mzunguko juu ya mzunguko, kisha ukapakwa rangi.

"Nani fundi wako, Mama?"

"Kaka yangu. Mtu mzima yule, lakini mwizi wa nyuzi zangu tangu enzi hizo. Anasema katani ya mafundi bomba inaoza, uzi wa cherehani hauozi." Alicheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi ile. "Yeye ndiye aliyenilea, wazazi walipoondoka. Simwambii kitu."

Inspekta alikaa, akaomba daftari. Bi Kitalu alikuwa ameandika kila kitu kwa herufi kubwa: namba ya kipande, tarehe, rangi. Inspekta alifuatisha kurasa kwa ncha ya kalamu. Kipande cha kwanza kupauka kiliandikwa wiki tisa zilizopita. Akaendelea. Akarudi nyuma. Akasimama.

"Hizi namba ndogo, moja mpaka mia tatu na ishirini, ni za kamba zipi?"

"Za juu."

"Na waliokufa wote wako humo?"

"Wote. Wa chini bado wana rangi zao. Wanne tu ndio wamepauka."

"Kuna mtu mwingine aliyekuuliza hili?"

"Walikuja watatu kuchukua maelezo yangu. Waliniuliza kama naipenda hoteli."

Inspekta alifunga daftari. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu. Ukiyaweka pamoja mahali palipotulia, matamu hupanda juu na kukaa hapo kama mafuta kwenye mchuzi. Kilichoua kamba za juu na kusamehe za chini hakikuwa kitu cha bahari. Kilikuwa maji ya nchi kavu, na hayakutoka mbali, maana mkondo ungekwisha kuyachanganya.

Wala hayakutoka hotelini. Hilo alilijua tangu jana. Meneja wa hoteli, mwanamume mwenye jasho la wasiwasi, alimpeleka mwenyewe kwenye mdomo wa bomba. "Tuliliziba, Inspekta. Maji machafu huchukuliwa na gari. Naapa." Inspekta hakuhitaji kiapo. Bomba lilikuwa limezibwa kwa saruji, na juu ya saruji hiyo chaza walikuwa wameota wakafika ukubwa wa kucha za mtu mzima. Chaza hawahongeki. Saruji ile ilikuwa na zaidi ya mwaka majini.

"Mama, pamba zangu ulizitoa?"

Bi Kitalu aliingia ndani akarudi na mifuko sita ya nailoni. Katika kila mfuko kulikuwa na kipande cha pamba safi kilichofungwa kwenye wavu. Jumatatu yeye na Inspekta walivifunga kwenye kamba za kitalu, na leo alfajiri yeye mwenyewe alikwenda kuvitoa.

"Vinasaidia nini hivi?"

"Pamba hunywa yanayopita. Bado sijui imekunywa nini."

*

Mtaalamu wa maabara alikuwa kijana mnene aliyependa kuimba chini chini akifanya kazi, na alipoacha kuimba ndipo watu walipojua kuna jambo. Aliacha kuimba saa saba mchana.

"Chumvi imeshuka kwenye maji ya juu, hasa bahari inapokupwa," alisema. "Hiyo ulishaijua. Fosfeti iko juu mara sita. Fosfeti ni mbolea, inanenepesha mwani, mwani unalifunika tumbawe, tumbawe linakosa mwanga. Lakini vijidudu vya choo ni vichache mno. Hiki si choo, Inspekta."

"Basi ni nini?"

"Zima taa."

Alivuta pazia, akawasha taa ndogo ya zambarau, ya aina wanayotumia madukani kukagulia noti bandia. Akaipitisha juu ya vipande sita vya pamba. Viwili vilibaki gizani. Vinne viling'aa rangi ya bluu, kama vimewashwa kwa ndani.

"Sabuni ya unga," alisema. "Wanaitia dawa ya kufanya nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi. Dawa hiyo haionekani kwa macho, lakini taa hii inaiona. Na hapa ipo tele. Huyu si mama anayefua nguo za nyumbani kwake."

"Hoteli hupeleka mashuka yake kwa dobi mjini. Gari lao nililikuta mlangoni."

"Basi tafuta mwingine mwenye nguo nyeupe."

Inspekta aliuliza ngazi ya kupandia juu iko wapi. Jengo la maabara lilikuwa na ghorofa nne, na paa lake lilikuwa tambarare. Alisimama pale juu, mkono juu ya macho, akaugeuza uso polepole kutoka rasi hadi bandari ndogo. Mabati. Matangi ya maji. Nguo za rangi kwenye nyua. Halafu, nyuma ya ukuta mmoja, karibu kabisa na ufukwe, mistari saba ya mashuka meupe iliyojaa upepo.

"Pale ni wapi?"

Mtaalamu wa maabara, aliyekuwa amemfuata huku anahema, alitazama alikoonyesha. Uso wake ulibadilika.

"Hapana," alisema. "Pale ni nyumba ya uzazi. Mimi nilizaliwa pale."

*

Nyumba ya uzazi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na siku hiyo vyote vilikuwa na watu. Mkunga mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kubembeleza hata alipokasirika, alimpokea Inspekta akiwa na mtoto mchanga mkononi, wa mzazi aliyekwenda kuoga.

"Sema taratibu, tafadhali. Huyu ndiyo kwanza amelala."

"Maji yenu ya kufulia yanakwenda wapi?"

Mkunga mkuu alimtikisa mtoto ambaye hakuhitaji kutikiswa.

"Yanakwenda kwenye shimo."

"Shimo lipi? Shimo lenu la maji machafu nimeliona kule mbele. Limejaa hadi kwenye mfuniko."

 Mkunga alimlaza mtoto kitandani, akamfunika, kisha akatoka na Inspekta kwa mlango wa nyuma. Walipita chini ya mashuka yaliyoanikwa hadi pembeni mwa ua. Hapo kulikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa kwa zege. Bomba la plastiki lilitoka kwenye chumba cha kufulia, likafuata ukuta, likaingia chini ya zege.

Inspekta alichuchumaa. Kwenye maungio ya bomba, chini ya rangi iliyopakwa vizuri, kulikuwa na uzi mwekundu. Mzunguko juu ya mzunguko.

Aliugusa kwa kidole.

"Nani alifanya kazi hii?" aliuliza, ingawa hakuhitaji tena kuuliza.

"Ni mtu mwema."

"Sikukuuliza wema wake."

"Kabla ya hapo maji yalikuwa yanarudi, yanapita chini ya mlango wa wodi. Wazazi wanavuka kwa kuruka, na mishono yao. Tuliandika barua nne. Mkaguzi wa afya alikuja, akasema akirudi akikuta vile anapiga kufuli. Huyu mzee alikuja kumwona mjukuu wake aliyejifungua, akaona, akarudi kesho yake na vifaa vyake. Hakutaka hata chai."

"Lini?"

"Mtoto wa huyo mjukuu wake ana wiki tisa na siku kadhaa."

Inspekta aliandika. Kisha akasema, "Kuanzia sasa msifue hapa. Hata kitambaa. Na kesho asubuhi nitahitaji ndoo kumi za maji safi."

*

Alhamisi, bahari ilipoanza kupwa, Inspekta alikuwa kando ya kisima na mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa na mikono iliyojaa makovu madogo. Mtaani walimwita Koki, kwa kuwa hakuna koki aliyowahi kushindwa nayo. Aliitwa, akaja kwa miguu yake, na sanduku la vifaa mkononi. Alidhani kuna bomba limepasuka.

"Kazi hii ni yako, Mzee?"

"Ni yangu. Inavuja?" Aliinama kuitazama.

"Haivuji. Ni kazi safi sana."

Inspekta alifungua pakiti, akamimina kwenye kisima unga wa rangi ambao wahandisi hutumia kutafutia mabomba yaliyotoboka, usiodhuru samaki wala mtu. Kisha wakamwaga ndoo kumi za maji, ya kwanza mpaka ya kumi. Mzee alisaidia kubeba. Hakuuliza kitu mpaka ndoo ya mwisho.

"Tunatafuta nini?"

"Tunangoja. Kaa, Mzee."

Waliketi kwenye benchi chini ya kamba za kuanikia, ambazo leo zilikuwa tupu. Ndani mtoto alilia, akanyamaza.

"Ulipounganisha bomba hili, ulidhani maji yataishia wapi?"

"Humo humo. Kisima kimekauka miaka mingi. Nilitia ndoo ya kwanza kujaribu, ikamezwa. Ya pili, ikamezwa. Nikasema, shimo zuri hili, lina njaa."

"Hukujiuliza linapeleka wapi?"

Mzee alivua kofia, akaishika magotini.

"Ardhi huku," Inspekta alisema kwa sauti ya chini, "ni mwamba wa matumbawe ya kale. Una matundu kama sifongo. Maji yakiingia huku juu hayakai. Yanatafuta njia, na njia zote zinateremka upande mmoja."

Koki alitazama ukuta wa ua. Nyuma ya ukuta bahari ilisikika. Alitazama kisima, kisha ukuta tena, kama fundi anayepima urefu kwa macho. Inspekta aliona vidole vyake vimeanza kuikunja kofia.

"Usiniambie," alisema mzee.

 Walikaa saa mbili na robo. Mkunga mkuu alileta chai, haikunyweka. Halafu simu ya Inspekta ikalia, na kabla ya kuipokea alimtazama mzee usoni, akamuuliza kwa macho, na mzee akatikisa kichwa kukubali. Inspekta akafungua spika.

"Imetoka, mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Bi Kitalu, na nyuma yake maji yanapiga vyuma. "Nimesimama palepale uliponiambia. Inatoka chini kwenye ufa, katikati ya kamba ya tatu na ya nne. Kijani hicho! Inapanda juu kama moshi. Nimepita hapo kila siku nikasikia ubaridi miguuni, nikadhani ni uzee. Wewe umeimwaga wapi?"

Inspekta alitazama kisima.

"Mwanangu? Unanisikia? Umeimwaga wapi?"

"Nakuja hapo ufukweni, Mama. Toka majini, usije ukapata baridi."

Alikata simu. Koki alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Mdogo wangu aliniambia wanakufa," alisema. "Jioni zote hizi. Ananihesabia: leo wawili, leo watano. Nami namwambia ni hoteli. Mimi nilitia sahihi ile barua. Sahihi ya tatu kutoka juu." Akafuta uso kwa kofia. "Utanifunga?"

"Nitaandika kilichotokea, chote. Kisima, na shimo lililojaa, na barua nne ambazo hazikujibiwa, na wewe uliyekuja ulipoitwa. Hakimu atasoma. Sidhani kama utafungwa, Mzee, lakini siwezi kukuahidi."

"Hiyo sawa." Alisimama, akatafuta ukuta wa kushika. "Naomba kitu kimoja. Dada yangu asisome kwenye karatasi. Nimwambie mimi."

Utaratibu ulisema vingine. Shahidi na mtuhumiwa hawakutanishwi kabla ya maelezo kuandikwa. Inspekta aliujua utaratibu huo kwa moyo, maana alikuwa akiwafundisha wenzake.

"Panda gari," alisema.

*

Bi Kitalu alikuwa ameketi kwenye mchanga, khanga iliyolowa imembana miguuni. Alipomwona kaka yake anashuka kwenye gari la polisi aliinuka haraka.

"Kaka? Kuna nini? Mjukuu mzima?"

"Mzima. Kaa, mdogo wangu."

"Sikai. Sema."

Inspekta alibaki kando ya gari, akawapa mgongo, lakini upepo ulimletea kila neno.

"Maji yale ni yangu," Koki alisema. "Ya kufulia, ya nyumba ya uzazi. Niliyaingiza kwenye kile kisima cha nyuma mimi mwenyewe. Sikujua yanakuja kwako. Wallahi sikujua. Lakini ni mkono wangu."

 Ndege wa ufukweni alipita anatembea, akasimama, akaendelea.

"Wiki tisa," alisema Bi Kitalu.

"Wiki tisa."

"Unakaa kwangu jioni, unakula, nakuhesabia waliokufa."

"Ndiyo."

"Uliniona nikilia."

"Nilikuona."

Inspekta aligeuka. Bi Kitalu alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili, na mabega yalikuwa yanamtetemeka. Koki hakumgusa. Alisimama mikono imeshuka ubavuni, kama mtu anayengoja kofi na ameshaamua kutolikwepa.

 Mwishowe Bi Kitalu alijipangusa kwa ncha ya khanga, akamgeukia Inspekta.

"Wale waliopauka bila kufa, watapona?"

"Mtaalamu wa maabara anasema aliyepauka bado yu hai, ila ana njaa. Maji yakisafika mapema, wengi watarudi. Kisima kinazibwa leo."

"Leo." Alifikiri. Kisha akakunja uso. "Na kule, bado wanafua?"

"Tangu jana hawafui."

"Wazazi kumi na wawili. Kwa hiyo leo wanalala juu ya nini?"

 Inspekta alikumbuka chumba cha kufulia, na rundo lililokuwa limefika usawa wa dirisha.

"Dobi wa mjini maji yake yanakwenda kwenye mabwawa ya manispaa," Bi Kitalu alisema. "Najua, niliwahi kupanga chumba jirani naye. Gari lako hilo, mwanangu, linabeba nini nyuma?"

"Kwa kawaida, wahalifu."

"Leo litabeba mashuka."

Walifika nyumba ya uzazi wote watatu, wakafunga mashuka mafungu mafungu, na mkunga mkuu akasimama mlangoni anawaangalia. Fungu la mwisho lilikuwa zito. Koki alilishika upande mmoja, dada yake upande wa pili, wakalinyanyua kwa pamoja mpaka ukingo wa gari. Mzee alikuwa anahema.

"Nitachimba shimo jipya pale," alisema. "La kuchujia. Kokoto, mchanga, makaa. Halafu, kama utaniruhusu..."

"Kesho maji yanakupwa saa tatu asubuhi," dada yake alisema bila kumtazama, huku anakaza fundo. "Uje. Kuna waliokufa wa kutoa kwenye kamba, na mimi peke yangu sitawamaliza."

"Nitakuja."

Bi Kitalu alivuta fundo mara ya mwisho, akalijaribu kwa kidole, likakaa.

"Vaa viatu," alisema. "Mawe ya kule yanakata."